Nyumba ya 1889 San Francisco: kontrakta anataka kung'oa madirisha yote ya mbao, jirani anasema tutajuta. Nani mkweli?

Nesi_wa_Usiku:

Hamjambo wadau. Najua humu kuna watu wa Bay Area, huku San Francisco na miji jirani, na najua kuna mafundi, kwa hivyo naomba msinipite.

Mimi na bwanangu tulishirikiana na dadangu na mumewe, pamoja na familia nyingine ya tatu, tukanunua nyumba ya ghorofa tatu upande wa Mission, karibu na barabara ya 22. Kila familia ina ghorofa yake, sisi tuko juu kabisa. Karatasi zinasema ilijengwa 1889. Ukisimama barabarani sura yake haieleweki. Juu kabisa, chini ya paa, kuna urembo wa mbao uliochongwa, vishikizo vimepangana na maua katikati. Kuanzia hapo kushuka, ukuta wote umefunikwa vigae vya kijivu, vigumu, vyote sawasawa, hakuna urembo wowote. Dirisha la mbele limetokeza nje kwa pembe za mraba.

Shida ni madirisha. Ni yale ya kupandisha juu. Mawili hayafunguki kabisa, yamegandishwa na rangi. Mengine ukiyapandisha yanashuka yenyewe kwa kishindo, na juzi mwanangu wa miaka minne nusura abanwe vidole. Jioni upepo wa baharini ukianza vioo vinagonga mpaka asubuhi. Mimi nikitoka zamu nalala mchana, na mchana ni lori la taka. Bili ya gesi wacha tu.

Kontrakta mmoja alikuja, akazunguka haraka haraka, akasema tung'oe yote tuweke ya plastiki yenye vioo viwili, na kwamba kibali si lazima kwa sababu ni "matengenezo tu". Jirani wa ng'ambo ya barabara, mzee ambaye ameishi mtaa huu tangu miaka ya sabini, alinisimamisha kwenye ngazi akanionya: mkiweka plastiki mbele, mji utakuja kuwaambia mtoe.

Naomba kujua: nani mkweli? Na kama jirani ni mkweli, hii sheria inamsaidia nani hasa, ikiwa mimi ndiye ninayepigwa na baridi? Hivyo vigae vya kijivu tuviguse au tuviache? Swali la mwisho ni la amani ya nyumbani: bwanangu anataka nyumba ipakwe zambarau kama zile za kwenye postikadi, dadangu anataka nyeupe. Kuna rangi zinazokatazwa?

---

Mpangaji_Sugu:

Pole dada. Kwa sheria jirani ana haki. Ila nitasema lile ambalo wapenda nyumba za kale hawalipendi.

Mji huu unaokusumbua kwa fremu ya dirisha ndio uliopitisha buldoza mtaa wa Western Addition, upande wa Fillmore. Nenda Fillmore leo, simama Geary, uone barabara ilivyo pana. Pale palikuwa na nyumba za watu. Kwenye ile miradi ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ziliondolewa kaya 4,729, biashara 883 zikafungwa, na nyumba za Victoria, yaani za mbao za karne ya 19 kama hii yako, zipatazo 2,500 zikavunjwa. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wamarekani weusi, ambao wengi walifika wakati wa vita kufanya kazi kwenye viwanda vya meli, wakapanga nyumba zilizoachwa na Wajapani waliokusanywa kwa nguvu mwaka 1942 na kupelekwa kambini. James Baldwin, yule mwandishi Mmarekani mweusi, alipita hapa 1963 akasema waziwazi kwamba hiyo waliyoiita kuhuisha mji maana yake ni kuwaondoa weusi. Wakati huo neno urithi halikusikika kwenye ofisi za mji. Zile zile zilizoitwa makazi duni, zilizobaki sasa zinauzwa kwa mamilioni na ndizo tunaambiwa tuzitunze.

Mimi nimehamia Antioch, mji wa mbali, nakuja kazini kwa treni ya BART, gizani naondoka na gizani narudi. Kwa hiyo mtu akinieleza thamani ya kioo cha karne ya 19 namsikiliza kwa sikio moja.

Ushauri wangu wa vitendo: nyuma weka unachotaka kwa kibali, mbele weka ya mbao iliyovishwa alumini nje. Maliza. Maisha ni mafupi.

---

Fundi_Patasi:

Dada Nesi, pole na zamu. Mie ni seremala, mzaliwa wa Unguja. Kazi nimefunzwa na marehemu baba kule Ng'ambo, na hapa Bay kazi zangu ni nyumba za zamani, madirisha khasa. Jibu langu refu, lisome ukipata nafasi.

Huyo kontrakta muage. Plastiki naiweka kando kwanza, namhukumu kwa hilo neno "kibali si lazima". Kubadilisha dirisha San Francisco kunataka kibali, la mbele na la nyuma. La mbele, linaloonekana kutoka barabarani, idara ya mipango nayo hulitia jicho: kwa kawaida hutaka jipya lilingane na la zamani kwa kitu lilichoundiwa, kwa unene wa fremu na kwa namna linavyofunguka. Kwenye nyumba ya umri wa yenu, usitegemee wakupitishie plastiki mbele. Nyuma kusikoonekana mkono wao mwepesi zaidi. Nenda kituo cha vibali, 49 South Van Ness, ghorofa ya pili, na picha kwenye simu, ulizia anwani yako. Mambo yakiharibika barua anaandikiwa mwenye nyumba. Kontrakta siku hiyo yuko Sacramento anakula.

Lakini hata sheria isingekuwepo, mie nisingeyang'oa. Chukua bisibisi nyembamba, choma kizingiti cha chini cha dirisha kwa nje, pale pembeni maji yanapotuama. Ikizama, pameoza na patatiwa kiraka. Ikigoma, na mara nyingi hugoma, basi hiyo ni redwudi ya kiini, kutoka kwenye misitu ya pwani ya kaskazini, Mendocino na Humboldt, mti uliosimama mamia ya miaka kabla ya kukatwa. Tazama kichwa cha ubao: mistari ya umri imebanana hata ukucha haupiti katikati. Mbao ya namna hiyo kwenye maduka ya leo huikuti, misitu ile mikongwe imekatwa karibu yote. Mchwa hawaipendi na unyevu inauvumilia. Sasa mtu anataka kuitupa kwenye kontena la taka akutilie plastiki, ambayo siku gundi ya pembeni ikiachia, ukungu unaingia katikati ya vioo viwili na huna la kufanya ila kununua dirisha zima jengine.

Maradhi ya madirisha yako ni madogo kuliko unavyodhani. Ndani ya ukuta, kila upande wa fremu, kuna sanduku la mbao, na humo linaning'inia jiwe refu la chuma lililofungwa kamba ya pamba inayopita juu ya kapi. Mawe mawili kwa pamoja yanalingana uzito na fremu na kioo chake, ndiyo maana dirisha zima hupanda kwa vidole viwili. Lako linaanguka kwa sababu kamba zimekatika na mawe yamelala chini ya sanduku. Fundi atapitisha kisu kukata rangi pande zote, atang'oa ule ubao mwembamba wa ndani polepole usivunjike, na fremu itatoka nzima. Halafu tazama ubavuni, chini, karibu futi moja kutoka kizingitini: kuna kijilango kimezikwa na rangi, kina parafujo moja au hakina hata moja. Jiwe limo humo, na vumbi la zaidi ya miaka mia. Anafunga kamba mpya, anarudisha. Hayo mawili yaliyogandishwa nayo ni kisu na subira tu.

Kugonga kwa upepo kuna dawa yake: mkanda mwembamba wa shaba unaopigiliwa ndani ya njia ya fremu, na kufuli ya katikati inayozibana fremu mbili pamoja. Kufuli nyingi utazikuta zimepakwa rangi hadi hazizunguki. Ukitaka joto zaidi, tia kioo cha pili kwa ndani, cha kubandika na kutoa. Barabarani hakibadilishi kitu, na lori la taka utalisikia kwa mbali. Vile vioo vyenye mawimbi, ukitazama nje nyaya za basi zinayumba, ni vya asili. Mtu asivitupe kwa kisingizio cha kukauka puti, ule udongo unaoshikilia kioo kwenye fremu. Puti ni ya kubadilisha.

Sasa la kuogopa, ambalo kontrakta hakuligusa. Nyumba ya 1889 ina rangi tabaka juu ya tabaka, na rangi za majumbani Marekani ziliruhusiwa kuwa na risasi mpaka zilipopigwa marufuku 1978. Dirisha la kupandisha linajisaga lenyewe kila likifunguliwa, na vumbi linatua kizingitini, kimo cha mtoto wa miaka minne khasa. Wewe ni nesi, huhitaji mie nikueleze kipimo cha damu. Isipigwe msasa mkavu, isichomwe kwa moto. Afanye mtu mwenye cheti cha EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, cha kazi za rangi ya risasi, afunike sakafu kwa nailoni, akwangue kwa kulowesha, na asafishe kwa vakyumu yenye kichujio cha vumbi jembamba. Ukimuuliza cheti akaanza hadithi, naye muage.

Vigae vya kijivu. Kwa maelezo yako hivyo karibu hakika ni saruji yenye asbesto. Kati ya miaka ya 1930 na 1950 wauzaji walipita mitaa hii nyumba kwa nyumba wakisema nakshi zimepitwa na wakati, zinakula rangi, piga vigae hutopaka tena. Wakaja mafundi na mitarimbo, wakapasua kila kilichotokeza ili vigae vilale bapa. Yenu waliishia chini ya paa. Labda pesa ziliisha, labda ngazi ilikuwa fupi. Vikiwa vizima na vimetulia havina neno. Hatari ni kuvikata na kuvivunja, na kuviondoa ni kazi ya kampuni yenye leseni ya asbesto. Msikurupuke.

Ila siku mkiviondoa mtafurahi. Niliwahi kufanya kazi kwenye nyumba moja Noe Valley iliyofunikwa hivyo hivyo. Vigae vilipotoka, mbao za asili zilikuwepo, ngumu, na kila pambo lililopasuliwa lilikuwa limeacha kivuli chake. Palipokuwa na pambo, brashi haikuwahi kufika, kwa hiyo umbo zima limebaki likionekana, mkunjo kwa mkunjo, na matundu ya misumari ya pembe nne katikati. Tukabandika karatasi ukutani, tukapitisha penseli: hapa kishikizo, hapa nguzo bapa ya pembeni, hapa taji la juu ya dirisha, hata duara dogo ambalo mwenye nyumba hakuwahi kujua lilikuwepo. Kutoka kwenye zile karatasi tukakata vigezo vya plaiwudi, na kwa vigezo tukachonga upya. Kitu kimoja kivuli hakikwambii, nacho ni unene. Huo tuliupata kwa jirani, kwa ruhusa yake, juu ya ngazi na futi mkononi. Wajenzi wa zama zile walijenga nyumba tatu, nne, tano mfululizo kwa mapambo yale yale, yaliyochongwa kwa mashine za mvuke viwandani na kuuzwa kwa katalogi. Kampuni moja tu, The Real Estate Associates, ilijenga zaidi ya nyumba elfu moja miaka ya 1870. Kwa hiyo nyumba pacha ya yenu inaweza kuwa milango miwili kutoka hapo. Tembea mtaa wako huku unatazama juu.

Hizo pembe za mraba za dirisha lako zinalingana na 1889, ndio mtindo wa miaka ya 1880 uitwao Stick. Wa kabla yake, Italianate, walipenda dirisha la pembe za mshazari. Waliofuata wa Queen Anne wakaleta paa za pembetatu, minara ya duara na vipande vya mbao vilivyokatwa mfano wa magamba ya samaki.

Nyumba yenu imesimama kwa bahati ya mitaa miwili. Moto wa Aprili 1906, uliofuata tetemeko, uliteketeza majengo kama 28,000. Upande wa magharibi ulizuiwa Van Ness, kwa upana wa barabara na kwa kulipua majumba ya matajiri kwa baruti. Upande wenu ulizuiwa barabara ya 20, kwa maji ya bomba moja lililokuwa bado linatoa wakati mengine yamekauka. Bomba hilo lipo kona ya 20 na Church, na kila tarehe 18 Aprili alfajiri watu hukusanyika kulipaka rangi ya dhahabu. Nyinyi mko 22. Hesabu mwenyewe.

Ndugu yangu Mpangaji Sugu, la Fillmore sikupingi hata neno. Nimezungumza na wazee waliozaliwa pale. Lakini tazama zilivyoondoka: wakubwa walisema nyumba zimechoka, haziponi, dawa ni mpya. Ndiyo lugha aliyotumia huyu kontrakta kwa dada. Zile nyumba 2,500 zilikuwa za redwudi hii hii, na waliokuwa wakiishi humo hawakupewa mkopo wa kuzitengeneza. Mie natetea ukarabati kwa sababu ni kazi ya mikono na kamba ya pamba, anaweza kuifanya mtu wa kipato cha kawaida kidogo kidogo, dirisha moja mwezi huu jengine mwezi ujao. Anayehitaji madirisha yote kwa mkupuo na mkopo wa benki ni muuza plastiki. Kupinga ujenzi wa nyumba mpya kwa kisingizio cha urithi, hapo mie na wewe tuko boti moja.

Rangi, dada, iwe ya mwisho kabisa. Kwa nyumba kama yenu mji haukupangii rangi, bwanako na dadako wamalizane wenyewe. Muwe tu na habari kwamba zambarau na dhahabu si za asili. Wenyewe wa zamani walipaka rangi za kutulia, na baada ya vita nyumba nyingi zikaishia kijivu cha manowari, rangi ya ziada ya jeshi la wanamaji iliyokuwa rahisi. Mchoraji mmoja, Butch Kardum, alianza kuipaka nyumba yake buluu na kijani kali mwaka 1963, majirani wakamcheka, kisha wakamfuata kumuomba awapakie na zao. Hata zile za postikadi, zile za mtaa wa Steiner mbele ya Alamo Square zilizojengwa na Matthew Kavanaugh kati ya 1892 na 1896, sura hiyo wameipata juzi juzi.

Kabla ya rangi, kabla ya nakshi, hata kabla ya kumaliza madirisha: paa, mifereji ya maji, msingi. Maji yakipita nyuma ya vigae hamtoyaona mpaka sakafu ilegee. Na shukeni chini ya nyumba na tochi. Mkikuta msingi wa matofali na chokaa inayomong'onyoka, na fremu ya mbao imekalishwa tu juu yake bila bolti, hapo ndipo pesa za kwanza ziende. Kwenye tetemeko la 1989 kule Santa Cruz na Watsonville nyumba za mbao za zamani zilisukumwa zikatoka kwenye misingi. Sheria ya mji ya 2013 ya kuimarisha ghorofa za chini inawashika wenye nyumba tano au zaidi ndani ya jengo. Nyinyi ni tatu, hamkulazimishwa. Tetemeko halitouliza idadi ya familia. Mie nimetoka mji ambao Beit el Ajaib, jumba la 1883, liliporomoka upande mmoja siku ya Krismasi 2020 likiwa katikati ya ukarabati, kwa hiyo nikisema msingi kwanza sitanii.

---

Dereva_wa_22:

Mimi naendesha basi la Muni hapa mjini, napita mbele ya hizi nyumba kutwa. Niongeze moja kwa Mpangaji Sugu.

Februari 2021 nilikuwa siku ya mapumziko, nikaenda kuona nyumba ikihamishwa. Nyumba nzima! Ya 1882, ghorofa mbili, kutoka 807 Franklin mpaka 635 Fulton, mitaa sita. Wameipandisha juu ya magurudumu, mwenye rimoti anatembea pembeni kwa miguu, mwendo wa maili moja kwa saa. Walikuwa wameng'oa mita za maegesho, wamekata matawi ya miti, wameondoa vibao vya barabarani, na mwanzo ule ni mteremko, kila mtu kashika moyo. Watu wamejaa barabarani na simu juu kama wanapokea rais. Gharama ilitajwa kama dola 400,000 pamoja na ada.

Kilichonifurahisha ni sababu. Pale ilipotoka palipangwa jengo la nyumba 48. Kwa hiyo haikuvunjwa na wala haikuzuia. Na si mara ya kwanza: mwaka 1974, hapo hapo Western Addition, shirika la San Francisco Heritage, lililoundwa 1971, lilishirikiana na wakala wa mji kuokoa nyumba 12 kwa kuzihamisha. Kumi na mbili kati ya maelfu ni chache, najua. Lakini jumba lao lile la Haas-Lilienthal, la 1886, mtaa wa Franklin, linafunguliwa kwa wageni. Dada peleka watoto, wataona nyumba ya umri wa yenu ilivyo ndani ikiwa haijachezewa.

---

Mpangaji_Sugu:

Fundi, nimekusoma. Hiyo ya "kidogo kidogo" naikubali, kwa mwenye nyumba. Mpangaji je? Mwenye nyumba wangu wa zamani alikarabati vizuri sana, nakshi zote, dhahabu kwenye vishikizo, halafu akapandisha kodi kwa mwingine baada ya mimi kuondoka. Nyumba imepona, mimi niko Antioch. Hilo la Dereva, nyumba kuhama ili 48 zijengwe, hapo nashangilia. Lakini dola 400,000 kwa nyumba moja, nani mwingine ataiga?

---

Nesi_wa_Usiku:

Asanteni sana, nimesoma yote kwenye basi asubuhi.

Ripoti: nilichoma bisibisi madirisha ya mbele, yote yamegoma. La jikoni upande wa nyuma, linalopigwa na mvua, lilizama upande mmoja. Kijilango nimekipata! Nilikwangua kidogo tu kwa kitambaa kilicholowa, sikugusa zaidi, na mtoto nimempeleka kupimwa damu. Kontrakta nimemwandikia kwamba tumesitisha, akanijibu kwa emoji ya dole gumba.

Nyumba pacha iko tatu kutoka kwetu, kushuka. Vishikizo vya chini ya paa ni vile vile, lakini yao ina nguzo bapa kando ya madirisha na vijiduara juu. Bwanangu ameipiga picha nyingi mpaka mwenyewe akatoka kuuliza tunatafuta nini. Ni mama Mfilipino, mpole, akasema tukija na ngazi tumpigie simu kwanza.

Mpangaji Sugu, sina jibu la swali lako. Tuliuza kila kitu kufika hapa na bado tuko familia tatu mlango mmoja.

Maswali yaliyobaki, Fundi. Dadangu amesikia kuna sheria ya California inayopunguza kodi ya nyumba ukiitunza kihistoria, Mills. Sisi tunaweza? Na la jikoni lililooza ni la kubadilisha sasa? Pia tukianza na dirisha moja, lipi?

---

Fundi_Patasi:

Mills Act ni ya 1972. Mwenye nyumba anaingia mkataba na mji, usiopungua miaka kumi na unaojirefusha kila mwaka, anaahidi kazi zilizoorodheshwa na kodi inashushwa. Lakini San Francisco inataka nyumba iwe imetambuliwa rasmi, peke yake au kama sehemu ya eneo la kihistoria. Eneo la karibu nanyi ni Liberty Hill, lililotambuliwa 1985. Ulizeni 49 South Van Ness kama namba yenu imo. Ikiwa mko nje ya mpaka, msahau, msilipe mtu yeyote anayedai atawaombea.

La jikoni: liko nyuma, una uhuru zaidi, lakini upande mmoja ukioza hubadilishi dirisha. Fundi atakata sehemu mbovu mpaka afike kwenye mbao nzima, atatia kiraka cha mbao ya aina ile ile kwa gundi ya epoksi, atairanda iwe sawa na kuipaka praima kabla ya puti. Muhimu kuliko kiraka ni kujua maji yanatoka wapi. Tazama juu ya dirisha, mara nyingi ni bati la kinga lililotoboka au mfereji uliojaa majani.

La kuanza nalo ni la chumba cha mtoto, kwa risasi na kwa vidole. Mpaka litengenezwe libaki limefungwa, na kizingiti kipanguswe kwa kitambaa kibichi mara kwa mara, kitambaa kitupwe.

Kamba nunua ya pamba iliyosukwa, namba 8, usiuziwe ya nailoni inayovutika. Kapi zikiwa za shaba zisafishe tu, zina miaka mingi mbele. Mawe yapime uzito kabla ya kufunga, kwa sababu mara nyingine mtu aliyebadilisha kioo zamani aliweka kizito zaidi na mawe hayatoshi; hapo huongezwa vipande vya risasi, na hivyo navyo visishikwe na mtoto. Bwanako akiwa na Jumamosi ya bure niandikie pembeni, nitapita nimuoneshe la kwanza. Mengine atajifanyia.

---

Dereva_wa_22:

Fundi na mimi nina kufuli zimegandishwa na rangi, nimepanga nyumba mtaa wa Excelsior. Unazilowesha na nini?

---

Fundi_Patasi:

Zitoe, zichemshe taratibu kwenye sufuria kuukuu ambayo haitorudi jikoni tena, maji na sabuni kidogo. Rangi inabanduka yenyewe kama ngozi nzima. Glavu mkononi, dirisha wazi, mabaki yasimwagwe sinki. Na mwambie mwenye nyumba kwanza.